Programu Iliyogoma Kugawanya kwa Tatu

Programu yangu, niliyoiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, ilikufa asubuhi ya mvua, siku yake ya kwanza kazini, kwenye ghala la pilipili kule Masoro, mbele ya msimamizi, mama mwenye bisibisi mkononi. Feni za kukaushia zikasimama. Pilipili ikikosa upepo katika unyevu kama ule huanza kuota ukungu, na msimamizi aliniambia wazi kwamba nisipoirekebisha kabla ya chakula cha mchana, atang'oa ukutani kisanduku changu kinachoendesha feni na kurudisha watu wa kuwasha feni kwa mkono. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza. C nilijifunza peke yangu, na mpaka leo naogopa kuna jambo ambalo kila aliyefundishwa darasani analijua isipokuwa mimi.

Msimamizi alikulia Bujumbura, wazazi wangu walirudi hapa kwetu kutoka Tanzania, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili. Alinitazama nikibonyeza vitufe vya kompyuta yangu.

"Mashine yako iko na woga kama wewe," alisema. "Inaona kitu kidogo, inakufa."

Nilicheka kwa adabu, kisha nikaacha kucheka, maana hakuwa mbali na ukweli.

Ndani ya prosesa, ubongo wa kompyuta, kuna alama ndogo za tahadhari za hesabu za desimali, zinazoitwa bendera. Ukigawanya namba kwa sifuri, moja inapanda. Jibu likikosa maana kabisa, kama sifuri kugawanywa kwa sifuri, inapanda nyingine. Kwa kawaida zinapanda kimyakimya na programu inaendelea. Ni juu yako kwenda kuzitazama. Mimi, kwa kupenda usafi, nilikuwa nimeamuru kwamba bendera yoyote ikipanda, programu isimame papo hapo. Yoyote, hata ile inayosema tu kwamba jibu limekadiriwa.

Mbona basi nyumbani Busanza haikufa hata mara moja? Nikafungua majaribio yangu. Unyevu sitini, sitini, sitini, wastani sitini. Nilikuwa nimeilisha namba nadhifu tu. Vifaa vitatu vya kupimia unyevu pale ghalani vilileta namba zenye mikia ya desimali, na jumla yake ukiigawanya kwa tatu haiishi.

Nilisahau kuona haya. Nikaandika moja kugawanywa kwa tatu: bendera imepanda. Moja kwa kumi: imepanda. Moja kwa nne: iko chini. Kwa nini nne? Labda kwa sababu mashine huhesabu kwa mbilimbili. Nikaendelea, namba baada ya namba, kama mtu anayegonga kuta za nyumba aliyohamia jana, hadi msimamizi akakohoa.

Nikafuta ile amri. Sasa kabla ya hesabu programu inahifadhi hali ya bendera, kisha inazishusha zote. Baada ya hesabu inauliza mbili tu, ya sifuri na ya jibu lisilo na maana. Mojawapo ikiwa juu, inatupa jibu na kutumia wastani wa mwisho uliokuwa sahihi. Halafu inarudisha hali ya mwanzo.

Feni zikazunguka. Msimamizi hakuridhika, akachomoa waya za vifaa vyote vitatu. Jumla ya namba sifuri, idadi ya vifaa sifuri: sifuri kugawanywa kwa sifuri. Nilishika meza. Feni hazikusimama.

"Imeona?" aliuliza.

"Imeona, mama."

"Na haikufa."

Akarudisha waya. Kwenye skrini, bendera ya kukadiria ilikuwa inapanda karibu kila hesabu, na vidole vikaniwasha kwa hamu ya kuinyamazisha, lakini nikaiacha ipande. Nilipogeuka, msimamizi alikuwa anakaza skrubu za kisanduku pale ukutani.