Dakika Tatu Nilizowanyima

Siku ile nilikuwa nahodha. Naanza na hilo kwa sababu kila ninapojitetea moyoni hujiambia kwamba tulikuwa watoto, tulikuwa wanne, na mwalimu alikuwapo. Lakini kitambaa cha unahodha kilikuwa mkononi mwangu, na mwamuzi alipouliza aliniuliza mimi.

Nilikuwa kidato cha tatu katika skuli moja ya wasichana mjini Unguja. Klabu yetu ya roboti ilikutana katika chumba cha juu kilichokuwa stoo ya madawati mabovu. Dirisha lake lilitazama mapaa ya mabati na matangi ya maji ya Mji Mkongwe, na joto la mchana likiingia mle lilikuwa halitoki mpaka Magharibi. Roboti yetu ilikuwa ndogo na ya haraka. Tuliikaripia na kuisifu kwa pumzi moja, kama mtu na paka wake.

Mashindano yalifanyika Jumamosi, katika ukumbi wa chuo kimoja upande wa Mbweni. Kila mchezo ulikuwa na pande mbili, na kila upande timu mbili, roboti mbili zinazosaidiana kuokota pete za plastiki na kuzitundika kwenye nguzo. Asubuhi wanaokupangia washirika ni waamuzi. Ikifika fainali, timu zilizoongoza huchagua zenyewe mshirika wa kucheza naye, na moja ya akiba. Mwalimu wetu alitueleza hayo mara tatu: unayepingana naye saa tatu huenda ukawa naye upande mmoja saa nne, kwa hivyo usimfiche mtu spana.

Mchezo wa pili wa asubuhi tulipangiwa wasichana wa Tumbatu. Walikuwa wanne kama sisi, na mwalimu wao, Bi mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alikaa nyuma yao akiwa na kikapu cha maandazi. Walikuwa wametoka kisiwani alfajiri, wakavuka mpaka Mkokotoni, na kutoka hapo wakapanda gari hadi mjini, roboti yao imefungwa ndani ya kanga mbili. Ilikuwa nzito, ya polepole, yenye mkono mrefu uliofika nguzo za juu kabisa ambazo sisi hatukuzifikia. Wenzangu walicheka namna wasichana wale walivyosema. Na mimi nilicheka. Kitumbatu masikioni mwetu kilikuwa kitu cha kuigiza wakati wa mapumziko.

Kabla hatujaingia uwanjani, kamba inayonyanyua mkono wa roboti yetu ilikatika. Hatukuwa na nyingine. Mwenzangu mmoja alianza kulia palepale. Nahodha wa Tumbatu, msichana mwembamba aliyekuwa akinyamaza zaidi kuliko kusema, akasogea.

"Nipishe, dada," aliniambia.

Akatoa mfukoni mshipi wa kuvulia, akaukata kwa meno, akaupitisha kwenye gurudumu dogo na kufunga fundo ambalo sikupata kuliona.

"Litashika?" nikamuuliza.

"Linashika jodari," akasema, akacheka kidogo. "Hii roboti yenu ina uzito gani?"

Lilishika. Tulishinda mchezo ule, na mwingine, na mwingine. Adhuhuri tulikuwa juu ya orodha, na ilipofika zamu ya kuchagua washirika wa fainali niliitwa mbele ya ukumbi mzima. Nikawachagua Tumbatu. Watu wa mjini walishangaa kidogo. Akiba nikachukua skuli moja ya mchanganyiko ya hapa hapa mjini, waliokuwa na roboti ya chuma iliyong'aa na fulana zilizochapishwa. Nakumbuka nahodha wa Tumbatu alivyokuja kusimama kando yangu, akanishika mkono mbele za watu. Kiganja chake kilikuwa na jasho kama changu.

Fainali ilikuwa michezo mitatu, mwenye kushinda miwili ndiye bingwa, na bingwa anakwenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya taifa. Wa kwanza tulishinda. Wa pili tulishindwa, na mwishoni kabisa roboti ya upande wa pili iliigonga ya Tumbatu kwa ubavu. Ikasimama. Waya mmoja ulichomoka na kibao kinachoshika mota kilikuwa kimelegea.

Nahodha wao aliinyanyua roboti peke yake, akakimbilia nayo kwenye meza za matengenezo. Nikamfuata. Alishapiga magoti, bisibisi mdomoni.

"Waya nshaurudisha," alisema. "Zimebaki skrubu mbili. Tuna zile dakika tatu zetu, si ndio?"

Tulikuwa nazo. Kila upande ulikuwa na haki ya kuomba dakika tatu za matengenezo mara moja tu katika fainali, na mwombaji lazima awe nahodha wa timu iliyochagua. Yaani mimi.

"Tunazo," nikamwambia.

"Basi kaniombee. N'takuja nayo."

Kutoka meza za matengenezo hadi meza ya waamuzi hapakuwa mbali, labda hatua thelathini. Katika hatua hizo mwenzangu mmoja alinishika mkono.

"Wale watatuangusha," akanong'ona. "Ile roboti imeshagongwa. Waingize wale wa akiba. Dar hiyo, fikiri!"

Natamani ningesema kwamba nilibishana naye, au kwamba alinilazimisha. Nilichofanya ni kugeuza kichwa. Niliiona roboti ya chuma ya akiba imesimama tayari, taa zake zinawaka. Na nilimwona yule msichana wa Tumbatu akiinuka kutoka chini, anajifuta mikono kwenye sketi, anaiwasha roboti yake na mkono mrefu unapanda na kushuka. Ilikuwa nzima. Nililiona hilo kwa macho yangu.

Mwamuzi, kijana mpole mwenye miwani, aliniuliza, "Mnaomba muda wa matengenezo, au mnaingiza akiba?"

"Akiba," nikasema. "Wenzetu hawataweza."

Akaandika. Alipomaliza kuandika haikuwezekana kubadilisha.

Nahodha wa Tumbatu alipofika mstarini na roboti mikononi, roboti ya akiba ilikuwa imeshawekwa uwanjani mahali pake. Mwamuzi alimnyooshea kiganja, asivuke. Nahodha akanitazama.

"Imekuwaje?"

Hapo bado ningeweza kusema. Ningeweza kumwambia: nimewachagua wale, nilitaka kushinda. Angenichukia, na ingekuwa haki yake. Nikasema, "Waamuzi wamekataa kungoja. Wanasema umechelewa."

Akaitazama roboti yake kama mtu anayetazama mtoto aliyemwamsha bure.

"Basi," akasema. "Kachezeni."

Tulicheza, tukashinda. Mkono wa roboti yetu ulinyanyua pete kumi na moja, na kilichokuwa kikiunyanyua ni ule mshipi wake. Kwa kanuni za mashindano yale, medali na safari zilikuwa za timu zilizocheza mchezo wa mwisho. Wasichana wa Tumbatu walipiga makofi. Mmoja wao hakupiga. Alikuwa akimsemesha nahodha wake kwa hasira, kidole juu, na nahodha ameinamisha kichwa. Nikageuka upande mwingine ili picha ipigwe. Waliondoka baada ya sala ya Alasiri, kabla ya medali kutolewa, ili wawahi kuvuka. Mwalimu wao alipita kutupa mkono mmoja mmoja. Nilimwambia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa maandazi mawili yaliyobaki kwenye kikapu.

Nyumbani mama aliniuliza, "Na wale wenzenu wa kamba, wamefurahi?"

Nilikuwa nimemweleza habari za fundo kwa simu mchana.

"Wamefurahi sana," nikasema. Nikala, nikalala.

Dar tulitolewa siku ya kwanza. Sikumbuki hata tulicheza na nani.

Miaka imepita. Leo nafundisha fizikia mjini na nina klabu yangu ya roboti. Nawafundisha wanafunzi namna ya kuchagua mshirika, namna ya kuomba muda, namna ya kuazima na kurudisha. Nilisema maneno hayo mwaka baada ya mwaka bila sauti kutetemeka. Mtu huzoea.

Mwaka jana niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili msitu wa Jozani, ziara ya somo la baiolojia. Tulipewa mtembezaji wa kike, aliyevaa mtandio wa kijani na mabuti. Alisimama mbele ya watoto akawaeleza habari za kima punju, kwamba wasiwaguse wala kuwapa chakula, na kabla hajamaliza sentensi ya pili nilishamjua: yule msichana wa Tumbatu. Yeye alinijua baadaye, tulipokuwa njiani kuelekea kwenye mikoko.

"Wewe si yule nahodha?" akasema. Alitabasamu. "Mlishinda nyie siku ile, wallahi mlicheza."

Nikamuuliza kama bado anashughulika na roboti.

"Mie? Aa. Niliacha siku ile ile. Nani atamtaka mchelewaji?" Alicheka tena, akaniambia kama mtu anayesimulia kituko cha zamani. "Kule kwetu unajua wananiitaje? Dakika Tatu. Mpaka siku ya harusi yangu waliimba hivyo. Skrubu mbili tu, dakika tatu sikuziweza. Mwalimu wetu alikuwa akinitetea, Mungu amrehemu, lakini na yeye, nnajua, alisikitika."

Watoto walikuwa wametangulia kwenye daraja la mbao, wanapiga picha. Nilishika kamba ya ukingo.

"Hukuchelewa," nikamwambia.

"Ati?"

"Hukuchelewa. Waamuzi hawakukataa. Dakika tatu sikuziomba kabisa. Nilikuona umemaliza, nikaenda nikaomba akiba. Halafu nikakudanganya."

Nilingojea anitukane. Nilitaka anitukane, nadhani, ili pawe na kitu cha kumaliza jambo.

"Ulinambia wamesema nimechelewa," akasema polepole.

"Naam."

"Mie nikawaambia wenzangu hivyo hivyo. Nikawaomba radhi. Gari zima, toka mjini mpaka Mkokotoni, nawaomba radhi."

"Nisamehe."

"Mwalimu wetu kafariki mwaka juzi," akasema, kana kwamba hakunisikia. "Kafa anajua ni mie."

Mwanafunzi mmoja aliita kutoka mbele, kumetokea kaa mwekundu, mtembezaji aje awaeleze. Akaenda. Aliwaeleza vizuri, kwa subira, mizizi ya mikoko inavyopumua na kaa wanavyochimba. Sauti yake haikubadilika. Nilibaki nyuma nikiwa na daftari la mahudhurio ya watoto kifuani.

Tulipofika getini nilimwambia medali ninayo, n'tamletea.

"N'taifanyia nini?" alisema. Hakusema kwa ukali. "Kama unataka kufanya kitu, wenzangu wawili wapo bado Tumbatu. Kawaambie. Kwa mdomo wako, siyo kwa simu. Mie sitawaambia, wataona najitetea."

"Na wewe? Umenisamehe?"

Alifikiri. "Sijui bado," akasema. "Nna wageni saa nane." Akanipa mkono, akaenda.

Nilichukua miezi miwili kwenda. Nilijisingizia mitihani, mvua, mafua ya mtoto. Hatimaye Jumapili moja nilikwenda Mkokotoni, nikavuka, nikauliza njia, nikapiga hodi kwenye nyumba niliyoelekezwa. Wale wawili walikuwapo, mmoja ana mtoto mgongoni. Walinitandikia mkeka, wakanipa maji, wakanikaribisha muhogo wa nazi na samaki kabla sijasema nimefuata nini. Nikashindwa kula. Nikawaeleza yote, tangu hatua thelathini zile mpaka neno nililolisema mstarini.

Mwenye mtoto alitikisa kichwa tu, akasema, "Lahaula." Huyu mwingine ndiye yule aliyenyoosha kidole siku ile, nilimkumbuka kwa macho yake.

"Mie nilimtukana njia nzima," alisema. "Nilimwambia katuaibisha. Na tangu hapo, mie na yeye, salamu tu. Alipoolewa sikwenda."

Aliinuka. Nilidhani ananifukuza. Akaingia ndani, akavuta mlango, na baada ya kitambo nikamsikia anazungumza kwenye simu. Maneno sikuyapata. Ilikuwa sauti ya haraka mwanzoni, kisha ikashuka, kisha ikanyamaza kwa muda mrefu kama anayesikiliza.

Mwenzake akanisogezea sahani.

"Kula," aliniambia. "Boti ya kurudi ni saa kumi."