Tjark wa Pili

Tjark Eilers alipewa jina lililokwisha kutumika. Kaka yake, Tjark wa kwanza, alikufa kwa surua akiwa mdogo, na kwao Frisia, pwani ya kaskazini mwa Ujerumani, desturi ilikuwa hiyo: jina la babu halizikwi na mtoto, anapewa anayefuata. Na jina lenyewe ni la kale, jamani! Zamani lilikuwa Theoderiki, yaani mtawala wa watu, jina la wafalme hasa. Wakulima wa pwani, watu wasiopenda maneno marefu, wakalifupisha karne kwa karne mpaka likabaki Tjark.

Huyu wetu hakumtawala mtu. Alichunga kondoo kwenye tuta la kuzuia maji ya bahari maisha yake yote. Utotoni, kila Jumapili baada ya ibada, mama yake alimpitisha kwenye kaburi lenye jina lake. Hapo mama aliita “Tjark” kwa upole ambao nyumbani mtoto aliye hai hakuupata kamwe. Mtoto afanyeje? Alikua na uchungu wake.

Basi mwanawe Hinrich na mkewe Imke walipomletea mtoto wao wa kwanza, wakamwambia kwenye chai kwamba ataitwa Tjark, mzee akatua kikombe.

“Ng’o! Mwiteni chochote. Mwiteni hata Sukari.”

“Baba naye!” Hinrich akacheka. “Mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu yake. Si wewe uliyenifundisha?”

“Nilikufundisha upuuzi. Nimeishi na jina la marehemu mimi. Mjukuu wangu simtakii hilo.”

Akasema yote, ya kaburi na ya mama yake, mambo ambayo alikuwa hajawahi kumwambia mtu. Hinrich akainamisha kichwa, kicheko kimemwisha.

Imke akaweka bonge la sukari kwenye kikombe cha mzee, akamimina chai ya moto, likapasuka.

“Baba, yule wa makaburini sikumjua. Hata Hinrich hakumjua. Tjark tunayemjua sisi ni mmoja tu, na unisamehe, ni mkaidi kuliko kondoo dume. Mtoto huyu jina analichukua kwako.”

Mzee akalia, tena waziwazi, mbele ya mkwe. Kisha akanyoosha mikono apewe mtoto.

“Haya, Tjark,” akasema. “Njoo kwa babu.”

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka jina hilo bila kumwonea wivu kaka yake.