Karibiani Siyo Karibuni

Mimi ndiye yule mwanamke wa Troyeville, hapa Johannesburg, aliyeliliwa msiba akiwa amevaa nguo ya kuogelea. Najua mmeshaisikia habari hii kwa njia nyingine (kuna wanaosema nilikuwa uchi, kuna wanaosema nilizimia, na juzi dada mmoja wa Turffontein kanihadithia mimi mwenyewe bila kujua kuwa ndiye mimi), kwa hiyo leo nakaa chini niwaambie ilivyokuwa, aibu na yote, halafu mkimaliza kucheka mniache.

Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya korona. Nilikuwa nimeshavuka arobaini, nasuka nywele Yeoville kwenye saluni ambayo kiti cha pembeni ya dirisha ni changu. Nimezaliwa Kigoma, nikamaliza kidato cha nne, na tangu hapo miguu yangu haijatulia: Lubumbashi, Lusaka, Harare, halafu hapa Johannesburg, Jozi yetu. Lakini ziangalieni vizuri hizo safari zangu. Kila nilipokwenda nilikuwa na mzigo wa kuuza, vitenge, dagaa, nywele za bandia, mara moja hata sufuria. Sijawahi kusafiri mikono mitupu maishani mwangu. Na msiniambie habari za kwetu, kwamba ziwa lipo na mchanga upo, nalikumbuka ziwa lile kila siku ya Mungu, lakini mchanga wa kwetu ni wa kuanikia dagaa. Ukijilaza pale asubuhi kweupe lazima mtu aje akuulize unaumwa nini. Nikajiambia, Anzela, kabla magoti hayajaisha, nenda mahali penye maji ukajilaze, na asitokee mtu wa kukuuliza.

Kwa nini Karibiani? Kwa sababu ni mbali! Ukienda Durban utakutana na shemeji. Ukienda Zanzibar utakutana na mtu anayemjua shangazi yako, na kabla hujavua viatu Kigoma nzima imeshajua na inauliza umewaletea nini. Mimi nilitaka bahari ambayo haina ndugu yangu hata mmoja.

Basi nikaanza kuchagua hoteli, na nawaambia ni kazi kuliko kusuka rasta ndogo. Ya kwanza ilikuwa nzuri, kitanda kimetandazwa maua, nikampigia binti wa wakala wa safari, akaniuliza, "Mama, wewe na nani?" Nikamjibu, "Mimi na mimi." Kumbe hoteli ile inapokea wawili wawili tu, mtu na mwenzake, ukifika peke yako wanakurudisha getini kama umekosea mlango. Ya pili ilikuwa na mabembea na matelezo na watoto kila picha, na mimi nimeshalea watoto wa dada zangu, inatosha. Ya tatu ilikubali mtu mmoja, ila nilipe karibu sawa na wawili kwa kuwa chumba ni cha wawili. Hapo hasira zikanipanda. "Yaani nimlipie mume ambaye sijampata? Na chakula chake nitakula mimi?" Yule binti akacheka mpaka simu ikamponyoka.

Ya nne haikuwa na picha za kutamanisha. Ni hoteli ya zamani, rangi imechujuka, bafu dogo. Lakini kulikuwa na maelezo yaliyonishika: kila jioni wanatandika meza moja ndefu kwa ajili ya waliokuja peke yao, anayetaka anakaa na wenzake, asiyetaka anakula akitazama bahari na hakuna anayemsumbua. Ukishalipa umelipa, kitanda, chakula, kinywaji, vyote ndani. Nikasema hii ndiyo yangu, nikailipia kidogokidogo mpaka ikaisha, na sikumwambia mtu, maana najua midomo yetu.

Sasa njooni kwenye uamuzi ule mdogo ulioniharibia. Nilikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu, na kwa ajili ya safari ningekosa mazoezi, kwa hiyo ilibidi niwaage. Ningeweza kwenda kuwaambia ana kwa ana. Ningeweza kuandika. Lakini ilikuwa Ijumaa, vidole vimejaa mafuta ya nywele, mteja amekaa chini ya draya inanguruma, nikabonyeza simu kwa kiwiko (nimezoea) na kutuma ujumbe wa sauti kwenye kikundi cha kwaya. Maneno yangu nayakumbuka yote, nanyi yashikeni:

"Wapendwa, nimechoka sana. Naenda Karibiani, naenda peke yangu, nikapumzike. Msinililie. Mahali nimeshachagua mwenyewe, ni pazuri, mchanga mweupe tu. Kila kitu kimeshalipwa, hata chakula. Sehemu yangu kwenye kwaya mpeni Solange."

Nikaachia. Hapohapo umeme ukakatika (zilikuwa zile siku za umeme wa zamu, leo nyie kesho sisi), na simu yangu iliyokuwa na chaji kama ukucha ikazimika. Nikasema sharp, yaani safi, ujumbe umekwenda. Nilipofika nyumbani Troyeville, zamu ya giza ilikuwa imetufikia na sisi, na hata umeme uliporudi sikuiwasha simu. Niliona raha kukaa bila kelele za kikundi.

Kesho yake, Jumamosi mchana, nikajifungia chumbani kujaribu vitu vyangu vya safari. Nguo ya kuogelea ya bluu yenye maua ya njano. Kofia ya ukindu, pana kama ungo. Miwani ya jua. Na yale mafuta ya kuzuia jua, ambayo muuzaji aliniapia kuwa ni ya ngozi zote, mwongo mkubwa, nilipakaa usoni yakakaa vilevile kama chokaa. Najitazama kwenye kioo, nageuka huku na huku, mara nasikia wimbo barabarani.

Wimbo wa msiba. Tena unaimbwa vizuri, kwa sauti nne. Nikachungulia pazia, naona kwaya yetu yote inakuja kutoka upande wa robot, zile taa za barabarani. Mbele yuko Mama Furaha, kiongozi wa kina mama, mtu wa Uvira, mjane, mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi, kabeba sufuria kichwani. Nyuma yake Mchungaji na Biblia. Wanaume wamebeba viti vya plastiki vya kanisa. Nani wa mtaa huu amekufa, na mimi nimezima simu? Mwimbaji wa sauti ya kwanza nikose msiba ulio mlangoni kwangu?

Sikufikiri. Nikavuta kitenge nikajifunga, nikafungua mlango, nikatoka mbio mpaka barazani, na kwa kuwa walikuwa wameshafika kwenye kiitikio, nikakidaka kwa sauti ya kwanza, juu kabisa.

Wimbo ukakatika kama uzi. Nimesimama pale na kofia kama ungo, miwani myeusi, uso mweupe pe.

"Yezu wangu!" Mama Furaha akapiga ukelele. "Uso umeshageuka!"

Sufuria ikaenda chini, maharage yakatapakaa mpaka kwenye viatu vya Mchungaji. Nami katika kuruka yasiniunguze, kitenge kikafunguka kikaanguka. Basi ndivyo nilivyosimama mbele ya kanisa na majirani waliokuwa wametoka kutazama, bluu na maua ya njano, huku Mchungaji amegeukia ukuta.

Nikaokota kitenge, nikauliza, "Nani amekufa?"

Wakatazamana. "Ni weye, Anzela," akasema Mama Furaha.

"Mimi?"

"Ao... uko karibu kufa. Si ulisema karibuni?"

Solange, yule niliyemwachia sehemu yangu, macho yamemvimba kwa kulia, akatoa simu yake akafungulia ujumbe wangu wote wausikie. Jamani. Ile draya nyuma inavuma kama mashine ya hospitali, na sauti yangu inatoka kwa mbali, imechoka kweli: naenda karibuni, naenda peke yangu, nikapumzike. Mchanga. Msinililie. Kila kitu kimeshalipwa, hata chakula. Na mnajua mambo ya hapa Jozi, watu wanalipia mazishi yao kila mwezi wakiwa wazima, bima inatoa jeneza, tenti na chakula cha waombolezaji. Mimi mwenyewe nilipousikia ujumbe ule nilikaribia kujililia.

"Siyo karibuni!" nikasema. "Karibiani! Visiwa! Kule upande wa Amerika!"

Halafu mzee mmoja wa sauti ya nne akajipiga paji la uso. "Aaa! Karaibe! Wafaransa banaita Karaibe!" Hapo ndipo nilipoelewa. Kwaya yetu karibu wote ni Wakongo, na visiwa vile wanavijua kwa Kifaransa. Neno langu la Karibiani halijawahi kupita masikioni mwao, ila karibuni wanaijua tangu kuzaliwa.

Watu wakacheka, wengine wakalia tena kwa furaha, Solange akanikumbatia akajipaka chokaa yangu. Ningeomba yaishe hapo. Lakini Mama Furaha alikuwa hacheki.

"Na unaenda na nani?"

"Peke yangu, mama."

"Peke yako juu ya nini? Mwanamuke muzima, bahari yote ile, na hii nguo ya maua? Nani anakungojea kule?"

"Hakuna. Ndiyo maana naenda."

Akatingisha kichwa polepole. "Bora ungekuwa mugonjwa, Anzela. Tungejua la kuomba."

Nawaapia, lile neno liliniuma kuliko kitenge kuanguka. Na Mchungaji, bado anautazama ukuta, akatoa hukumu: kesho nisimame mbele ya kanisa niombe msamaha, na safari hiyo niiache. La sivyo nirudishe sare ya kwaya.

Mnaweza kuona sare ni kitambaa tu. Mimi nilipofika Jozi sikumjua mtu, na waliokuwa wa kwanza kuniita mwenzetu ni kwaya ile. Nikiumwa wao, nikihama chumba wao. Hata maharage yale walipika kwa kunipenda. Kuvua sare ilikuwa sawa na kushuka tena basi pale stendi na begi langu, kama siku ya kwanza. Nilikaa na jambo hilo jioni yote, mara nijiambie hoteli haikimbii, mara nimwone yule binti wa wakala ananiuliza wewe na nani.

Jumapili nikaenda. Sare niliipiga pasi, nikaikunja, nikaishika mkononi. Na kichwani nikavaa ile kofia (ndiyo, kanisani, waliokaa nyuma yangu waliona kofia tu). Nilipoitwa mbele nikasema, "Wapendwa, nawaomba msamaha kwa machozi yenu. Nawaomba msamaha kwa maharage. Kwa safari siombi. Jana mlikuwa tayari kuniacha niende peke yangu kaburini, mkaniimbia, tena mkaniimbia vizuri. Leo naenda peke yangu baharini, tena nitarudi, ndipo mnanuna?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa. Nikaweka sare kwenye mapaja ya Solange, nikatoka kwa mlango wa katikati, taratibu, kwa sababu ile kofia haipiti mlangoni ukikimbia.

Nikaenda! Maji ni ya rangi ambayo hata kwenye kitenge hamjaiona. Siku ya kwanza nikajilaza mchangani, nimejifunika khanga gubigubi kwa mazoea, na kabla usingizi haujanichukua, mama mmoja mfanyakazi wa hoteli akaja kuniinamia: madam, unaumwa? Nilicheka mpaka akaenda kuniletea maji. Jioni nilikaa kwenye meza ndefu. Na siwadanganyi, kuna jioni nilikwenda kukaa upande wa kutazama bahari nikawakumbuka watu wangu, nikaimba sauti ya kwanza ya wimbo wangu wa msiba, peke yangu, mpaka mwisho, maana barazani hawakuniacha niumalize.

Sare ilinirudia baadaye (Solange noti za juu hazifiki, nasema tu), bila hotuba, niliikuta imening'inizwa kwenye kiti changu saluni. Nimeapa sitatuma tena ujumbe wa sauti kukiwa na draya, na simu haizimwi kwangu mpaka nijue wamenielewa. Kuhusu kusafiri peke yangu sijaapa chochote, wala asinisubiri mtu.

Lakini ngojeni. Siku moja nipo kazini, simu ikalia, ujumbe wa sauti wa Mama Furaha, kautuma kwangu peke yangu, siyo kwenye kikundi. Sauti ndogo, ya kunong'ona: "Anzela, minachoka, mama. Watoto bameshakuwa wakubwa. Mimi pia nataka niende karibuni."

Nikamwacha mteja na kichwa nusu, nikatoka nje, nikampigia. "Mama Furaha! Karibuni ile ya kufa ao ile ya bahari?"

Nikasikia anafunga mlango upande wake.

"Ya bahari, mujinga weye," akasema. "Na ile kofia, ulinunua wapi?"