Kilomita Thelathini za Jebichii

Mama yake, Kobilo, alikuwa akisema kwamba Jebichii alizaliwa amemtangulia hata mkunga. Pale Metkei, wasichana wakienda mtoni, yeye hakuweza kufuata mgongo wa mtu. Angekata kwenye miiba achanike, mradi afike wa kwanza, kisha asimame kuwangoja kwa hasira kana kwamba wao ndio waliomkosea. Shuleni alishinda mbio za nyika kwa mtindo huo huo: bunduki ikilia tu, kishafika mbele, na hakuna aliyemwona uso tena.

Marathoni ndiyo iliyomkatalia.

Kocha Chelang'a wa kambi ya Iten, aliyewafuata wanariadha wake kwa pikipiki kuukuu, alisema mpaka akachoka. "Kaa ndani ya kundi, mama. Waache wenzako wakukingie upepo. Mbio zinaanza kilomita ya thelathini na tano."

"Nimesikia, kocha."

"Wewe umesikia. Hiyo miguu je?"

Miguu ilikuwa na akili zake. Mara tatu Jebichii alikwenda ng'ambo kukimbia marathoni, mara tatu akaongoza, na mara tatu akaishia kando ya barabara, kafunikwa blanketi, anatetemeka. Jemosop, aliyelala naye chumba kimoja kambini, akampa jina: Moto wa Mabua. Walicheka wote wawili, ila Jebichii alicheka kidogo.

Baada ya mara ya tatu Chelang'a alimwita jikoni. Meneja wake wa mbio alikuwa amepiga simu. Waandaaji wanamtaka awe sungura: aongoze mbio kwa kasi waliyopanga, na akifika kilomita thelathini atoke, awaachie wenyewe.

"Nisimame nikiwa bado na nguvu? Nijifanye basi lililoishiwa mafuta?"

"Si huwa unasimama hata hivyo," kocha alisema. "Afadhali usimame kwa kazi."

Neno lilimchoma, lakini alikubali. Na kazi hiyo aliiweza kama aliyeandikiwa. Miaka sita alikata upepo kwa ajili ya wengine, na kwa jasho hilo akanunua ng'ombe wanne na kumwezekea mama yake nyumba. Alipokuwa nyumbani hakutulia. Mumewe Tuitoek, mwalimu, alizoea kunywa chai peke yake; mwenzake ameshika kikombe, anazunguka, anachungulia dirishani, katoka kwenda kukaza waya wa boma uliokazwa jana.

Siku moja alimkuta Kobilo amekaa, mikono mapajani.

"Mama, kuna nini?"

"Nataka kukuuliza kitu, usinikasirikie. Majirani huwa wananiita kwenye televisheni. Nakuona uko mbele, napiga kelele. Nikigeuka kuchukua maziwa ya mursik nilainishe koo, nikirudi haupo. Kila siku. Huwa wanakutoa?"

"Ni kazi, mama. Naongoza, halafu natoka."

"Sasa hiyo barabara yao inaishia wapi?"

Miji tisa Jebichii alikuwa amekimbia, na hakuna hata mmoja aliojua mwisho wake. Wiki hiyo usingizi ulimpaa. Mazoezini aliwakimbiza wenzake mpaka wakamtukana.

Mbio zilizofuata zilikuwa za Jemosop. Safari hii wangekimbia pamoja, na mpango ulikuwa mmoja: sungura akitoka kilomita ya thelathini, Jemosop aondoke papo hapo kabla wengine hawajajipanga. Waliurudia safari nzima ndani ya ndege.

Kilomita ya thelathini ilifika. Jebichii aliuona ubao, akamwona mtu wa koti la manjano akimpungia atoke. Hakutoka.

"Toka!" Jemosop alifoka nyuma yake. "Jebichii, toka!"

Jemosop alisubiri njia ifunguke. Katika kusubiri huko Mwethiopia mmoja mwembamba akapita ukingoni, akaenda moja kwa moja. Jemosop alimfukuza, amechelewa. Akamaliza wa pili. Jebichii naye alianza kukauka kilomita ya thelathini na sita. Akatapika. Akatembea, akakimbia, akatembea tena, akafika wa kumi na nne.

Uwanja wa ndege kila mmoja alikaa kona yake. Meneja hakupiga simu tena, wala Chelang'a hakumtetea. "Nitasema nini?" aliuliza. "Ulipewa neno moja tu, toka."

Alimwendea mama yake. "Inaishia kwenye zulia la buluu. Ukikanyaga wanakufunika karatasi inayong'aa, wanakupa ndizi."

"Ndizi?"

"Ndizi moja."

"Haya," alisema Kobilo, akaenda kukamua.

Miezi minne ilipita. Jebichii alikimbia peke yake kwenye barabara ya udongo mwekundu, asubuhi na jioni, kama mtu anayefukuzwa. Mwishowe, Jumapili moja, aliiacha njia yake ya kawaida akaingia boma la Jemosop bila kubisha.

"Nimekuja kusema nilikukosea. Ushindi wako niliuharibu."

Jemosop alikuwa akimenya viazi. Hakuinua kichwa. "Nilikuchukia mpaka Krismasi. Niliombea ule mguu wako wa kushoto ukuume."

"Uliuma."

"Vizuri." Alisukuma kigoda kwa mguu. "Keti basi. Leo utakaa mpaka chai iishe, hata kama nitakufunga kamba."

Jebichii aliketi. Jemosop alimuuliza kuhusu ng'ombe, akamweleza goti lake linavyomsumbua na kwamba ana mbio mbili tu zimebaki mwilini. Hakusema amemsamehe. Alimwongezea sukari pasipo kuuliza, kama zamani kambini. Kundi la vijana lilipita barabarani, vishindo vikasikika, na Jebichii akageuza shingo.

"Maliza chai," alisema Jemosop.

"Namaliza."

Alikuwa kishasimama.