Carton rouge ya bukwe

Mi naitwa Chancelvie, na bwana mwenye nataka kuolewa naye ananichokesha. Jina yake Kasonde. Katikati ya juma anatengeneza mafrigo ya kupozesha maji hapa mu mutaa yetu, Kamalondo. Samedi, mwisho ya juma, iko arbitre, mwamuzi mwenye kupiga filimbi mu mechi ya batoto. Akivaa ile kaptula nyeusi, hasikie tena muntu. Bamama banamutukana, yee anapita tu.

Papa yangu, papa Godefroid, njo kocha ya batoto ba Kamalondo. Nilimwambia Kasonde: "Ile mechi ya papa, kataa! Ule iko bukwe yako, baba ya bibi yako, na kesho yake, dimanche, bantu yako banakuya kuniomba ndoa." Alikataa kweli. Lakini arbitre mwingine hakupatikana, na batoto balikuwa bamekwisha kuvaa. Akaenda.

Kwetu, muntu habishane na baba ya bibi yake. Unapiga magoti, unapiga makofi, unanyamaza. Sasa, mechi katikati, mutoto moja ya timu ya papa, Précieux, akagongana kichwa na mwenzake, akaanguka. Kusimama, anauliza goli yetu iko upande gani. Kasonde akapiga filimbi: mutoto atoke, asirudie tena. Papa akasema ni kizunguzungu tu, akamumwangia maji, akamurudisha. Kasonde akamutoa. Papa akamurudisha tena! Mwanaume muzima, kichwa nguvu vile!

Njo Kasonde akasimamisha mechi. Akaenda mbele ya papa, akapiga magoti mu vumbi, akapiga makofi polepole, vile desturi inataka. Mi nikapumua: aksanti Mungu, akili imemurudia.

Akasimama. Akatoa carton rouge, ile kadi nyekundu ya kufukuza muntu, akamuonyesha papa yangu pale pale.

Mawee! Bantu bakacheka mpaka kulia. Papa akatoka bila kugeuka, na mi haya ikanishika mwili muzima.

"Si ungemuita pembeni?" nikamufokea Kasonde kisha mechi kuisha. "Si ungetoa kwanza carton ya manjano, ya kuonya tu?"

"Précieux iko na miaka kumi na mbili," akajibu. Basi. Njo jibu yake yote.

Dimanche bantu yake bakafika, bamevaa muzuri, bakagonga ku mulango ya inje. Papa akabaki mu kiti. Akapaza sauti: Kasonde aombe kwanza musamaha juu ya ile carton.

"Papa," Kasonde akasema kule inje, "juu ya ile haya nilikupatia mbele ya bantu, naomba musamaha. Juu ya carton, hapana."

Nikasikia baba-mukubwa yake anamugombeza. Mi nilitaka kulia na hasira. Neno moja tu, Kasonde! Ungedanganya kidogo, ungekufa?

"Muntu asifungue," papa akasema.

Binti hafungulie benye kumuomba kama baba hajaitika. Nilijua. Nikasimama mu salon, nimekasirikia bote babili. Kisha nikawaza batoto benye nitazaa, na nani atabatoa mu terrain ya mpira siku bataumia, hata bakubwa bakikataa.

Nikaenda kufungua.