Ng'ombe wa Mahari Waliokwama Isebania

Jambo hili limenigharimu ng'ombe watano, ambao wote wako hai na wanakula vizuri, na mpaka leo siwezi kusema ni wa nani. Si wangu, maana nimeshawatoa. Si wa baba mkwe, maana hawajamfikia. Kila nikienda kuwaona nawahesabu mara mbili, na safari iliyopita wakawa sita: mmoja alizaa hapo hapo Isebania, karibu na mpaka. Kuhusu huyo ndama naomba nisiulizwe kabisa.

Mimi nauza mitumba Migori. Mke wangu nilimpata Homa Bay akiuza omena. Nilipomwambia apunguze bei, aliniuliza kama nimewahi kuona samaki au nimesikia tu habari zao. Nikajua nimepata mwenzangu. Ila kwao si Homa Bay. Kwao ni ng'ambo, Tanzania, upande wa ziwani. Baba yake anaongea Kijaluo kile kile cha mama yangu. Tofauti ni kwamba wakigeukia Kiswahili, mzee akitaka chumvi husema "naomba chumvi", na sisi huku tunasema "leta chumvi".

Mahari tulipatana vizuri. Walianza na ng'ombe kumi na wawili. Nilisimama mara mbili kama mtu anayeenda zake, na mara zote mbili wajomba wa msichana wakanivuta koti. Tukamalizana kwa watano. Mzee alicheka mpaka akafuta machozi. "Ora," akaniambia, yaani mkwe, "ungekuwa waziri, huu mpaka ungekuwa umeisha zamani."

Sikuwa waziri. Wiki ile ile niliyowatoa ng'ombe zizini, serikali mbili zikakosana. Ilianzia kwenye mahindi. Upande mmoja ukasema mahindi ya mwenzake yana ukungu, wa pili ukajibu kwamba mifugo ya mwenzake ina ugonjwa. Tulipofika Isebania, mifugo ilikuwa haipiti. Yaani mahindi yamekosa, ng'ombe wangu wameadhibiwa.

Afisa wa upande wetu aliwaangalia ng'ombe, akaniangalia mimi.

"Hawa ni wa nini?"

"Wa mahari, mkubwa."

"Kwani wasichana wa Homa Bay waliisha?"

"Huyu nilimtoa huko huko Homa Bay."

"Basi peleka ng'ombe Homa Bay. Si ndio ulimtoa huko?"

Foleni nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, maana ukiwa na shida na mtu huwezi kuukataa utani wake.

Nikavuka kwa miguu kwenda kujaribu upande wa pili. Huko kijana wa idara ya mifugo aliniamkia shikamoo, akanipa kiti, akasema, "Pole sana kwa usumbufu, ndugu yangu." Hapo nikajua sipiti. Anayenifokea naweza kupatana naye, lakini mtu akishakupa kiti na kukuita ndugu, utaanzia wapi? Akanieleza taratibu: kuna mifugo ya kuuza, ya kuchinja na ya kufuga, na yote imesimamishwa. Ya mahari haimo.

"Kama haimo, basi haijasimamishwa," nikasema.

Akanionea huruma kweli, nikaiona usoni. "Ndugu yangu, ambayo haimo nayo haipiti."

Mtu wa mbali ataniuliza kwa nini sikuwarudisha nyumbani nikangoja. Kwetu ng'ombe wa mahari akishatoka zizini harudi. Akirudi, maana yake ndoa imevunjika na mke amerudishwa kwao. Mama alinipigia simu kabla sijamaliza kufikiri. "Hao ng'ombe wasionekane hapa," akasema. "Unataka majirani waje kunipa pole ya mke wako, na mke wako yuko Homa Bay anauza omena?"

Basi nikawapangia malisho kwa mama mmoja Mkuria hapo Isebania. Nilimwambia nyasi yake ina bei ya ugali kwa nyama. Hakunyanyua hata kichwa. "Basi wapeleke Tanzania," akasema. Nikalipa.

Njia za vichakani nilionyeshwa. Nazijua. Baadhi ya nguo ninazouza zinazijua kuliko mimi. Lakini nilipomdokezea mzee kwa simu, alisema, "Ng'ombe wa binti yangu hawataingia kwa dirisha." Nikamwambia basi nitume pesa kwa simu anunue wengine huko huko. "Ninunue mimi ng'ombe wa kumwoa binti yangu? Kwani namwoa mimi?"

Mke wangu ndiye aliyenieleza kwa nini mzee ni mgumu hivyo. Shangazi yake aliolewa huku kwetu zamani. Ng'ombe wa kwanza walivuka. Waliobaki wakakutana na mpaka uliofungwa, enzi zile nchi hizi mbili zilikuwa hazisemezani kabisa. Babu yake akawa anaamka kila asubuhi anaangalia njia. Alikufa njia ikiwa tupu, na binti yake hakuruhusiwa kuvuka kwenda kumzika. Baba mkwe alikuwa kijana tu, ila aliona. Ndiyo maana anataka ng'ombe waingie kwake kwa mlango, mchana, naye akiwa amesimama.

Ila kusimama ndiko kumeanza kumshinda. Miguu imevimba. Mke wangu huenda kumwona. Yeye kwa kitambulisho anavuka bila shida, ng'ombe ndio hawana kitambulisho. Aliporudi juzi alikaa na omena wake, mteja akamtajia bei ya aibu, akampimia bila neno. Sijawahi kumwona hivyo. Niliogopa kuliko siku ile ya mpakani.

Kwenye televisheni wakubwa wa nchi zote mbili wameshaonekana wakishikana mikono na kuitana ndugu. Nilimpigia yule kijana wa ng'ambo papo hapo. "Tumeona, ndugu yangu," akasema. "Tunasubiri waraka." Afisa wa upande wetu naye anasubiri waraka. Nimeuliza huku, nimeuliza kule, nimerudia tena. Jibu ni lile lile, ila kule lina pole.

Jana mzee amepiga simu mwenyewe. Sauti imekuwa ndogo. Anasema Jumamosi wanawe watamweka kwenye bodaboda, avuke yeye aje Isebania, amguse kila ng'ombe mgongoni, na kwake hiyo itatosha. Mama yangu anasema baba mkwe anayefuata mahari yake mwenyewe amedhalilishwa, na aibu hiyo itawafuata wanangu. Mke wangu anasema nikimzuia, na waraka ukachelewa, baba yake atakufa akiangalia njia kama alivyokufa babu.

Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kutafuta bei ya katikati. Hapa sioni katikati. Wewe unayesoma, hasa kama umeoa au umeozesha ng'ambo, nishauri kabla ya Jumamosi: nimwambie mzee aje, au nimwambie angoje?