Fiat Iliyokalafatiwa

Kwa miaka thelathini na mitano dada yangu Bimdogo hakuwahi kumaliza ugomvi na mumewe bila kumkumbusha kwamba yeye ni bibi harusi aliyekwenda kwa mume kwa miguu. Ugomvi ungeweza kuanza na chumvi iliyozidi kwenye samaki au mlango ulioachwa wazi. Mwisho wake ulikuwa ule ule. Mwaka wa themanini na tisa, hapa hapa Kismayo, shemeji yangu Mzamil alimwahidi kumchukua kwa Fiat nyeupe ya rafiki yake, karani wa forodha. Siku ilipofika Fiat ikakataa kuwaka. Dada akatembea kutoka kwetu Majengo hadi pwani kwa kina Mzamil, buibui jipya mwilini, viatu vya kisigino mkononi, mbuzi wa watu wakimtazama. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba sanduku lake kichwani, kwa hiyo na mimi nina haki yangu ya kulalamika.

Mzamil ni fundi wa mashua, mtu wa kisiwa cha Chula, na katika kazi hiyo sijamwona wa kumfikia. Chombo alichokiunda yeye hakiingizi hata tone. Nje ya vyombo, ni mtu wa kuanza mambo. Ameanza banda la kuku. Ameanza kujifunza Kitaliano. Ameanza kuacha sigara, mara nyingi tu. Vita vilipotukimbiza mpaka Mombasa, kule kambini alianza kumjengea dada jiko la udongo, na tulipofungasha kurudi, miaka kadhaa baadaye, jiko lilikuwa bado linangoja upande wa nne.

Basi alipotangaza kwamba binti yao wa mwisho, Wafaa, atapelekwa kwa mumewe kwa Fiat, tena nyeupe, tena ya aina ile ile iliyomuaibisha, nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Dada hakucheka. Aliweka sufuria chini akamwambia: "Ukiweza, ile ya zamani nimeisamehe. Ukishindwa, usinambie kichu tena mpaka nife."

Niliacha kucheka, maana namjua dada yangu. Hajawahi kusema neno la namna ile halafu akalirudisha.

Mwana wao mkubwa, Tariq, anaendesha lori Uholanzi. Alihangaika miezi minne hadi akaipata Fiat kwa mkulima mmoja huko Italia, imo bandani, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Ikatiwa kontena mpaka Dubai, na kutoka Dubai ikaletwa na meli ndogo pamoja na mchele na mabomba ya plastiki. Iliposhushwa bandarini tuliona weupe umebaki kwenye paa tu, kwengine kote ni kutu. Mzamil aliizunguka mara mbili, akaigongagonga kwa vidole kama anavyogonga mbao, akasema mataruma yake, zile mbavu za chombo, bado mazima. Nikamuuliza tangu lini gari likawa na mataruma. Akanitazama kwa huruma, mimi muuza nyavu nisiyejua kitu.

Ndani ya kiti cha nyuma tulikuta yai. Dada hakuruhusu litupwe mpaka Tariq alipopigiwa simu ya video akaliona.

Injini alipewa Mahmudi, fundi wa magari mwenye karakana karibu na soko. Bodi, Mzamil akasema ataifanya mwenyewe, kwa sababu mchu aliyeunda vyombo arobaini hawezi kushindwa na bati. Makubaliano hayo ndiyo yaliyotuponza. Mahmudi alifungua injini, akaisafisha, akaweka plagi na kabureta alizotuma Tariq, na katika wiki tatu Fiat ikawa inawaka kwa mguso mmoja. Kisha akaitwa Ras Kamboni kutengeneza mashine za wavuvi, akakaa huko siku ishirini. Siku ishirini hizo Mzamil alikuwa peke yake na lile gari, na hakuna mtu wa kumzuia.

Alikwangua kutu, akatia viraka, akapaka rangi mikono mitatu. Siwezi kusema uongo, lilipendeza. Lakini alipolala chini yake akakuta matundu. Yalikuwa madogo, ya duara, yamepangwa sakafuni na chini ya kila mlango, na aliyahesabu kumi na moja. Aliniita nije nione. Mashua, alinieleza, ina tundu moja tu la makusudi, la kutolea maji ikiwa imepandishwa nchi kavu, nalo lina kizibo chake, nguruzi, na mwenye kusahau nguruzi atarudi akiogelea. Hawa wenzetu waliounda gari wametoboa kumi na moja na hakuna kizibo hata kimoja. Kwa heshima aliyo nayo kwa mafundi wenzake, aliamua kwamba vizibo vilikuwapo ila vimepotea safarini.

Akalikalafati. Alichukua pamba, akailoweka katika sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake haina haja ya kuelezwa, akaisokomeza kwa patasi na nyundo katika kila tundu na kila kiungo. Juu yake akapaka shahamu ya chokaa, chini kote, kama tumbo la mashua. Mimi nilimshikia kopo na nikamsifu. Naandika hilo ili mtu asiseme nimejificha.

Tena hakuridhika. Chombo kipya hushuliwa, hutiwa majini kijaribiwe, na hili lilikuwa chombo kipya. Alasiri moja maji yakiwa kupwa tulilisukuma watu sita hadi ufukweni, tukasoma Fatiha, tukaliingiza baharini mpaka maji yakapita nusu ya magurudumu. Mzamil alikaa ndani, miguu mitupu sakafuni, dakika kumi nzima. Hakikuingia kitu. Wanawake waliokuwa wakisafisha samaki wakapiga vigelegele kwa mzaha, naye akawainulia mkono kwa dhati kabisa. Mahmudi aliporudi akasikia kwamba kazi yake imechovywa kwenye chumvi, alikaa chini akashika kichwa, kisha akalikosha gari kwa ndoo kumi na tano za maji ya kisima. Alikuwa na hasira mno hata hakuchungulia sakafu.

Jioni ya kuamkia shughuli, katika Mfunguo Mosi, dada alikuja kukagua. Alifungua mlango, akaingiza kichwa, akakitoa upesi. Alisema mwanawe hawezi kufika kwa mumewe ananuka papa. Udi ukafukizwa, ikawa papa aliyefukizwa udi. Basi Mzamil akashusha vioo vyote vinne gari lipate hewa usiku kucha, akaliegesha kando ya ukuta wa nyumba, chini ya mlizamu wa kutolea maji ya paa, ili lisije likaguswa na punda wa mitaani.

Kabla ya alfajiri ikanyesha mvua ya masika.

Nilipofika asubuhi nilimkuta Mzamil amesimama kando ya Fiat, kanzu imemganda mwilini. Mlizamu ulikuwa bado unamimina ndani kupitia dirisha la nyuma. Maji yalikuwa yamefika juu ya viti, na juu ya maji kawa ya kufunikia sinia ya halua, iliyosahauliwa kitini tangu jana, ilikuwa inaelea taratibu. Hakuna tone lililotoka. Kazi yake ilikuwa safi kuliko zote alizowahi kufanya.

Tulipofungua milango maji ya juu yalitumiminikia miguuni yakachukua ndara zangu. Yaliyobaki sakafuni hayakutikisika. Mzamil akaleta upo, kile chombo cha kutolea maji mashuani, akaanza kuyakumba kama aliye baharini, na huku nyuma wageni wanafika mmoja mmoja, na ndugu wa bwana harusi wameshaleta Noah yao, kavu, ina kiyoyozi. Hakuna aliyecheka. Nadhani wote walikuwa wanamtazama dada mlangoni.

Mahmudi akapiga magoti, akachungulia chini. "Matundu ya kutolea mai yako wapi?" aliuliza.

Mzamil akajibu kwamba ameyaziba. Mahmudi akauliza yote? Yote, kumi na moja. Mahmudi akasema kwa upole ambao sikuutazamia kwamba pamba ile haitatoka leo wala kesho, na kwamba hakuna njia ila kutoboa.

Shemeji yangu akaingia nyumbani akarudi na keke yake, ile ya kuzungushwa kwa uta, aliyorithi kwa babake. "Tangu niyuwe kushika keke," aliniambia, "sijatoboa chombo changu mwenyewe." Kisha akatoboa sakafu, tundu moja. Maji yakatoka kwa uzi mwembamba, kwanza, halafu kwa nguvu, na mimi niliyemcheka mwaka mzima nilimwonea huruma.

Fiat iliwaka kwa mguso mmoja. Lakini viti vilikuwa vimelowa chapachapa, na Wafaa alikuwa amevaa hariri, hina mpaka viwikoni. Aliinama akambusu babake mkono. "Baba, mimi n'takwenda na Noah," alimwambia. "Gari hili tangu mwanzo si langu."

Noah ikaondoka, vigelegele vikaifuata. Mzamil akabaki amesimama na keke mkononi. Nilimngoja dada aseme lile neno lake, na nilikuwa tayari kumzuia. Alishuka kibarazani, akakusanya leso yake, akakaa kiti cha mbele. Kiti kikatoa maji.

"Nipeleka Majengo kwanza, kwetu," alisema. "Safari ilianza kule."

Tukaenda Majengo, ilipokuwa nyumba ya baba. Siku hizi pana duka la simu. Mzamil akageuza gari, akaendesha polepole mno, barabara ile ile hadi pwani, maji yakidondoka nyuma yetu njia nzima. Mimi nilikaa kiti cha nyuma, nimelowa mpaka kiunoni, safari hii bila sanduku. Tulipofika, Mzamil akashuka, akazunguka, akamfungulia mlango. Dada hakutoka. Alijifuta uso kwa leso iliyokuwa imelowa, kisha akamwambia arudie tena, mara moya tu.

Tundu lile la keke Mzamil amelichongea nguruzi ya mti wa mkoko, na mvua ikinyesha huenda mwenyewe kuichomoa. Gari bado linanuka papa. Na dada, kila akija mgeni, humsimulia namna mumewe alivyomlowanisha mbele za watu siku ya harusi ya mwanawe, kiti kinavuja, nguo mpya imeharibika, na mume mwenyewe hana haya. Habari ya kwenda kwa miguu sijaisikia tena.